Tana Twisti na Wimbo wa Bwana Amri

Jumamosi, 20 Mei 1967

Bendi imefufuka! Tana Twisti, bendi huru. Haina bosi, haina studio, na haina uzi wa tatu wa gitaa. Nimefunga waya wa simu mahali pake. Unalia kama mbuzi mwenye mafua, lakini rokenroli ndiyo hiyo. Mimi, Justus Kioko, karani wa mifugo hapa Garissa: gitaa la umeme, kuimba na uongozi. Kang'ethe wa stoo: ngoma na manung'uniko. Umeme wetu unatoka kwenye betri ya Landrova ya akiba ya Bwana D.C., mkuu wetu wa wilaya, niliyoiazima bila kumsumbua mtu kwa maombi.

Leo pia biashara ya pembeni. Maziwa ya ngamia! Maofisa wenzangu wa kutoka bara wote wanayataka kwa chai, na muuzaji wa maana sokoni ni mmoja tu, Saado. Basi nimenunua ngamia wangu mwenyewe kwa mzee mmoja mpole ajabu. Nimechagua mwenye nundu kubwa kuliko wote. Akiba ya maziwa kama ile haiishi leo wala kesho. Mzee akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni karani wa mifugo.

Jumapili, 21 Mei

Hakuna maziwa. Nimejaribu upande wa kushoto. Nimejaribu upande wa kulia. Teke! Kanisani nimesimama ibada nzima, mchungaji akasifu bidii yangu.

Mchana Saado alipita. Akainama, akatazama chini ya ngamia, akanitazama mimi. Akauliza kwa adabu kubwa kama kwetu Machakos ni desturi kukamua ng'ombe dume. Lo! Dume! Tena la kubebea mizigo! Kang'ethe alicheka mpaka akakaa chini. Jioni soko zima lilikuwa na habari, na yule mzee mpole ameondoka mjini.

Jumanne, 23 Mei

Balaa. Bwana D.C., ambaye sisi tunamwita Bwana Amri (kwa sauti ya chini), ametoa amri mpya. Watu, mbuzi na ngamia wote wawe ndani ya seng'enge kabla jua halijazama. Atakayekutwa nje ni shifta, mwasi wa porini. Mbuzi naye shifta! Kaka yake Saado alichelewa jana kwa kuwa ngamia mmoja alikuwa anazaa huko malishoni. Askari wamechukua kundi lote, pamoja na ndama aliyekuwa bado hajasimama vizuri. Saado hakuja sokoni. Nimekunywa chai bila maziwa.

Halafu amri nyingine: gitaa marufuku mjini, ila kwa kibali chake. Tutapiga mbele yake Sikukuu ya Madaraka. Akifurahi, tunapata kibali. Akikasirika, uhamisho wa Elwak, mpakani kwenye vita. Karani aliyepiga chafya katikati ya hotuba yake sasa yuko Elwak, analala na viatu miguuni akisikiliza risasi. Kang'ethe anasema tupige nyimbo za kumsifu. Kibaraka!

Alhamisi, 25 Mei

Nimepata! Tutamwimba Bwana Amri mwenyewe, tena vibaya, lakini kwa Kisomali. Hajui hata neno moja la Kisomali. Watu watacheka, yeye atadhani wamefurahia sikukuu, atatupa kibali kwa mkono wake mwenyewe. Kikwazo ni Korane, mkalimani wake, anayeketi karibu na sikio lake kila baraza. Nitampa Korane furushi la miraa atafune. Mtu mwenye shavu limejaa hawezi kutafsiri. Akili hizi, Nairobi wananipoteza bure.

Jumamosi, 27 Mei

Nimempelekea Saado maneno ayatie Kisomali. Yeye ndiye mtunzi wa kina mama hapa. Shairi lake likitoka Ijumaa kwenye harusi, Jumapili linaimbwa Wajir, limepanda lori. Nikamsomea:

Bwana Amri tumbo mbele,
kaamuru jua lilale,
mbuzi nao wapige saluti,
na ngamia waombe ruhusa!

Hakucheka. Akauliza ni nani atakaa mbele siku hiyo. Nikasema Bwana Amri na askari wenye bunduki. Na nyuma? Nikasema watu wako, eedo (ndiyo shangazi kwa Kisomali), wote wataletwa. Mwisho akasema haye, sawa, lete sukari. Atanifundisha kwa mdomo, neno kwa neno. Nisiulize maana, kwa sababu kuuliza maana kunaharibu wimbo. Ni mila yao. Mila lazima iheshimiwe.

Jumatano, 31 Mei

Mazoezi kwenye kibanda cha maziwa. Kina mama wanasikiliza, shuka zimeziba midomo, mabega yanatikisika. Sanaa inawaingia! Kuna neno "awr" linarudi kila mstari. Sikuuliza maana, niliuliza tu kama ni jambo zuri. Saado akasema wallahi, ni mkubwa mwenye mzigo mzito. Bwana Amri huyo huyo!

Kang'ethe anasema atapigia ngoma nyuma ya spika, asionekane uso. Mwoga wa kuzaliwa.

Alhamisi, 1 Juni, Madaraka

Niliandamwa na kifo, nikatoka na kibali.

Mstari wa kwanza tu, uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wazee wakashikana. Kufika mstari wa tatu watu wananimalizia maneno kabla sijayaimba. Wameyajulia wapi? Wimbo wa kweli hujitangulia.

Ndipo nikamwona Korane. Shavu limejaa, macho yanang'aa, na mdomo haufungi! Kumbe miraa humfungua mtu ulimi! Anamtafsiria Bwana Amri sikioni mstari kwa mstari, mpaka mikono anaitumia. Nikaiona Elwak. Nikakiona kitanda na viatu vyangu. Nikataka kusimama, lakini Kang'ethe huko nyuma haoni kitu, anapiga tu!

Na Bwana Amri akacheka! Tumbo likaruka, kofia ikaanguka. Akaamuru turudie. Tukarudia. Bado anafuta machozi, Saado akasimama, akasema kama baba amefurahi basi arudishe ngamia wa kaka yake. Wazee wote wakaitikia amin. Mtu hawezi kukataa huku anacheka. Akasema wachukueni, pamoja na ndama. Akatupa kibali. Kisha akanipiga bega na kuniomba nimrudishie betri yake.

Amejuaje habari za betri?

Ijumaa, 2 Juni

Nimejua. Watoto wananiimba barabarani! Nimemkamata Korane, akanieleza ubeti mmoja baada ya mwingine, kwa raha nyingi. Wa kwanza: karani aliyenunua dume (kumbe ndilo "awr"!) akatafuta maziwa kwenye nundu. Wa pili: teke, na mahali lilipotua. Wa tatu: betri. Wa nne unasema dume lenyewe linaomba kurudishwa kwao, kwa sababu karani akiimba linashindwa kulala. Bwana Amri hayumo hata kidogo. Mimi nimesimama mbele ya mkoa mzima nikajitukana kwa spika!

Nikaenda kwa Saado na moto wangu. Akanimiminia maziwa kwanza. Akasema walaal, ndugu yangu, ule wimbo wako ulikuwa wa kweli, ndiyo sababu haufai. Ungeuimba, wewe unapanda lori kwenda Elwak. Sisi tunabaki hapa na yeye, na bunduki yake. Kila aliyecheka angelipa. Lakini wewe, wewe tunaweza kukucheka na hakuna mtu anapigwa.

Nje kaka yake alikuwa anamsukuma ndama kwa goti, taratibu, ili anyonye. Niliona aibu, kisha nikaona furaha, sijui ipi ilitangulia. Nikanywa maziwa yote. Yalikuwa matamu, yametiwa sukari yangu mwenyewe.

Jumapili, 4 Juni

Nimetafakari kanisani wakati wa mahubiri, safari hii nimekaa. Kosa nimeliona wazi: nilichagua mfasiri asiyefaa. Bwana Amri ana sherehe nyingine mwezi ujao, na nimetunga wimbo mpya kuhusu fimbo yake. Nimempa Muslimo, dada yake Saado. Huyu ni mtu wa dini, hana mzaha. Hakuniuliza kitu, ila nani atakaa mbele. Kisha akasema nilete sukari.

Habari njema nyingine: yule mzee mpole amerudi mjini! Ameona huruma, amekubali kulichukua lile dume na nyongeza kidogo, akanipa ngamia mwingine. Jike kabisa, ameapa. Lakini mimi si mjinga wa kuamini maneno matupu. Nimemkagua mwenyewe, nikamzunguka polepole, nikapima kwa mikono miwili. Nundu yake ni kubwa zaidi.