Kilo Nne na Paja la Mama Mkwe

Leo nimeaibika mpaka kuku wa hapa kijijini Kimuli wamegeuza shingo wakatazama pembeni.

Nawaandikia mwenyewe kabla video haijawafikia. Maana itawafikia tu. Vijana wa kwaya walikuwa na simu juu kama wanaomba mvua. (Naandika kwa kidole kimoja. Herufi ikiruka mtairudisha wenyewe, shule mimi nilikuwa naipita tu nikienda kuchota maji.)

Mnajua leo ilikuwa ndoa yangu na Deusi. Ndiyo, Deusi huyo huyo, baba wa watoto wangu. Msijifanye kushangaa. Nilipotoka kwetu Rugu kuja kwake nilikuja kigiza kimeingia, na kifuko cha nguo, hakuna ngoma hakuna kigelegele, nikaingia kama mbuzi aliyekosea zizi. Tangu hapo tumelima, tumezaa, kahawa tumevuna. Lakini jambo moja sikufanyiwa. Sikukalishwa kwenye paja.

Kwa nyie mlio mbali: huku kwetu bibi harusi akifika, mama mkwe anakaa kwenye kiti, halafu bibi harusi anakalishwa juu ya mapaja yake, watu wote wanaona. Ukishakaa, basi, wewe ni mtoto wa nyumba. Usipokaa, hata uzae timu nzima ya mpira na wachezaji wa akiba, wewe bado ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

Ndiyo maana mama mkwe siku zote ananiita "huyo wa Deusi". Si kwa ubaya. "Mwambieni huyo wa Deusi alete maji." Naleta. "Huyo wa Deusi ameshakula?" Nimeshakula mama, asante. Wake wa shemeji zangu wote wamelikalia lile paja. Na kila wakikalishwa, mimi niko jikoni na mwiko mkononi, shingo nimeirefusha kama twiga, nachungulia mlangoni. Watu harusini wanatamani nyama. Mimi natamani paja! (Mama yangu mzazi alifariki sijaota hata jino. Paja la mama mimi nalisikia tu kwa watu, kama mnavyosikia habari za theluji.)

Sasa shida iko hapa. Mama mkwe wangu ni mdogo jamani. Mwembamba! Upepo ukivuma anashika mgomba. Akisimama upandeupande humwoni, unasikia tu sauti. Na mimi mnanijua. Mimi nikikaa kwenye benchi kanisani, aliyekaa mwisho kule ananyanyuka kidogo.

Basi Deusi alipomaliza mahari yote ya kwetu na padre akakubali, nikasema, mimi siendi kumuua mama wa watu. Napungua. Soda nikaacha. Maandazi nikaacha. Chapati nikikutana nayo nageuza uso kama tumegombana. Mwanzoni kilo zikaondoka zenyewe, mbio, kama zilikuwa zinasubiri ruhusa. Halafu zikabaki nne. Hizo nne! Hizo zilikuwa zimejenga, zimepanda migomba na choo zimechimba. Kila nikitaka kukata tamaa naliwaza lile paja, nasukuma sahani. Mnajua ndizi zikiiva na maharage, zimefunikwa majani, zimelainika, zinatoa ule mvuke? Harufu inakuja kuniita kwa jina la ubatizo! Na mimi niko pembeni na kikombe cha maji ya moto. Moyo unataka vitu viwili, na kimoja kinamzibia mwenzake njia.

Leo asubuhi, kabla hawajaja kunipamba, nimejifunga kanga nikachomoka mpaka dukani kwa Mzee Shabani. Ni yule mzee ambaye babu zake walitoka pwani, ana mizani kubwa ya kupimia magunia ya maharage. Hiyo ndiyo mizani yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Bibi harusi gani anakuja dukani na kandambili za matope?"

"Nipime."

"Leo? Nikikwambia hazijapungua utaahirisha ndoa?"

"We nipime tu mzee wangu."

Nikapanda. Akainama kusoma, akakuna kichwa. Nikajua. Nikavua kandambili. Akakuna tena. Nikatoa pumzi yote niliyonayo mpaka nikaona nyota mchana.

"Vuta hewa binti, usinifie dukani," akasema. "Zote nne zipo. Zimekuja kwenye harusi."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Chai sikunywa. Lakini njiani nikapata akili (mimi nikipata akili mjue msiba uko karibu). Nikasema, kama hizi kilo hazitoki, basi hazitakaa. Yaani nitajifanya nimekaa! Gauni ni refu, shela ni pana, nani ataona? Nikajifungia chumbani na kigoda, nikafanya mazoezi. Nashuka, nashuka, karibu nikiguse, nabaki hapohapo juu kwa juu, kama kuku aliyetaka kutaga akaghairi. Wapambaji wanagonga mlango, "Bibi harusi, uko salama?" Nawajibu, "Nasali!"

Kanisani hakuna neno. Padre aliponiuliza kama nimekubali, nilijibu kabla hajamaliza swali. Watu wakacheka, nikadhani hiyo ndiyo aibu ya leo, imepita. Thubutu!

Tukafika kwa mama mkwe. Hema limefungwa katikati ya migomba, watu wamejaa mpaka nikafikiri wilaya yote ya Kyerwa imehamia pale. Na zile harufu! Ndizi zimefunguliwa majani. Nyama inachemka. Na vile ni msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, wifi yangu Jeneroza, dada yake Deusi, ndiye aliyekuwa ananishika mkono kunisindikiza, na mkono wa pili amefumbata senene wa kukaangwa anatafuna.

"Wifi, onja hata mmoja."

"Hapana wifi."

"Senene mmoja ana kilo ngapi?"

"Wifi, niache."

Akatafuna kwenye sikio langu. Kru, kru, kru. Mate yakanijaa mdomoni mpaka nikashindwa kuitikia wimbo.

Tukaingia. Mama mkwe yuko kwenye kiti cha mbao, amevaa gauni jipya, miguu haifiki chini vizuri. Ananiangalia. Hilo paja hapo! Nimelitamani mimi, nimelila kwa macho kutoka jikoni, leo liko mbele yangu limefunikwa kitenge.

Msimamizi wa shughuli ni shangazi yake Deusi, mama wa sauti. Yule akiongea Kimuli, Rugu wanaitikia.

"Mwali, geuka! Mwali, kaa!"

Nikageuka. Nikashuka polepole, polepole. Kitambaa kikagusa kitambaa. Nikasimamisha gari.

"Amekaa?" shangazi akauliza watu.

"Amekaaaa!"

Vigelegele! Ngoma! Nikatabasamu kwa ajili ya picha. Chini huku moto unawaka. Mapaja yakaanza kutetemeka. Gauni likatetemeka. Shela likatetemeka. Maua ya kichwani yakatetemeka mpaka mama mmoja wa kwaya akasema, "Mwoneni, ameguswa rohoni!"

Halafu nikasikia sauti ndogo nyuma ya mgongo wangu.

"Hajakaa."

Ngoma ikanyamaza. Shangazi akakunja uso. "Wifi, si huyo hapo juu yako?"

"Gauni naliona," akasema mama mkwe. "Mtu simsikii."

Kimya. Mjue kimya cha watu wengi kinavyokuwa kizito kuliko mimi. Huko nyuma mzee mmoja akasema, "Labda hataki." Mwingine akadakia, "Amekaa hapa miaka yote, leo ndo anaringa?"

Mawe, mama yangu! Mimi niringe! Mimi niringie lile paja! Nilitaka kusema, lakini nguvu zote zilikuwa miguuni, nikifungua mdomo naporomoka. Jasho linashuka na poda yake.

Shangazi akainama. Akashika pindo la gauni. Akafunua kidogo, akachungulia. Nikasema moyoni, ardhi ya Kimuli pasuka. Haikupasuka. (Ardhi ya huku inajua kuotesha ndizi tu.)

"Njooni muone!" akapiga kelele. "Mwali amechuchumaa hewani! Amechuchumaa kama yuko chooni!"

Jamani. Watu walicheka mpaka hema likalegea kamba. Padre alijifunika uso na kofia. Mpiga ngoma akaangusha fimbo. Deusi wangu, mume wa ndoa tangu asubuhi, anacheka huku anafuta machozi, anasema, "Mama Aneti, kaa basi!" Na Aneti mwenyewe, binti yangu mkubwa, nikamwona anatoka nje kama hanijui.

"Nitamvunja mama," nikasema. Sauti ilitoka ya mbuzi.

"Nani atavunjika?" mama mkwe akauliza.

"Wewe, mama."

"Mimi?" Akacheka kidogo. "Huyo Deusi wako uchungu ulinishika natoka shambani na mkungu kichwani. Nikafika nao nyumbani. Mkungu haukuanguka na Deusi hakuanguka. Shutama!"

Yaani kaa. Na mimi kabla sijajibu, ile mikono miwili myembamba ikanizunguka kiunoni, ikanivuta. Mikono ile jamani ina nguvu za trekta! Nikashuka kama mkungu uliokatwa. Puu! Kiti kikalia. Watu wakasema "Iiiih!" Nikafumba macho nisubiri kusikia mfupa.

Sikusikia mfupa.

"Eee," akasema nyuma yangu. "Sasa huyu ndo mtu."

Vigelegele vikarudi mara mbili. Na mimi sikusikia tena vizuri. Kwa sababu lilikuwa ni paja kweli. Dogo, gumu, lina joto. Linanukia moshi wa kuni na sabuni ya kufulia. Kidevu chake kimeegemea mgongoni kwangu, nasikia anavyopumua. Watu wazima wenzangu, mimi na mwili wangu wote huu nikawa nimenyamaza kama nimewekwa kwenye mbeleko.

"Haya mwali, inuka, tumeona," akasema shangazi.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Miguu imekufa ganzi."

Na ilikuwa kweli! Uchuchumae hewani muda wote ule uone. Wakaja wanaume wawili kunivuta mikono, nikapiga yowe, wakaniacha. Hapo ndo tumbo langu nalo likaona kuna nafasi ya kuongea. Likanguruma! Mtu wa nje akauliza nani amewasha pikipiki.

"Ni nini hiyo?" akauliza mama mkwe.

"Tumbo."

"Umekula nini leo?"

"Maji, mama."

"Na jana?"

"Maji ya moto."

Halafu akapaza ile sauti yake ndogo mbele ya padre, kwaya, ukoo wa Deusi na watu wangu waliotoka Rugu.

"Leteni ndizi hapa. Mtoto ana njaa."

Hakusema huyo wa Deusi. Mtoto.

Jeneroza akaleta sahani. Nikajua nitashushwa nile kwenye meza kama watu. Wapi! Mama mkwe akanawa, akanizungushia mkono, akachukua tonge la ndizi na maharage, akalipoza kwa kulipuliza, akaniletea mdomoni. Mimi! Na shela kichwani! Mwanamke mwenye watoto wanaokwenda shule, nimepakatwa na kabibi kadogo, simu zote zimenielekea, nalishwa!

Mngefanyaje? Nilifungua mdomo.

Jamani zile ndizi. Sitaki kusema. Zile ndizi zilinisalimia, zikaniuliza nilikuwa wapi. Sahani ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Watu wanahesabu matonge kwa sauti, kwaya wakageuza ikawa wimbo. Aneti akarudi akanivuta gauni, "Mama shuka, wewe mkubwa!" Na bibi yake akamjibu, "Mwache. Wewe ulipakatwa sana, sasa ni zamu yake." Zile kilo nne sasa zina wageni, sijui watalala wapi.

Saa hizi niko chumbani. Mama mkwe yuko nje amenyoosha miguu, Jeneroza anamkanda kwa mafuta, na kila mgeni anayeaga anaambiwa, "Leo nimempakata mwanangu, ni mzito kweli." Anavyolisema utafikiri anasifia ng'ombe wa maonyesho.

Basi video ikifika, chekeni gauni, chekeni kuchuchumaa, nimewaruhusu. Mtaona pia nimekaa pale mpaka wapishi wakatoka jikoni kuja kuangalia, na shangazi ananiuliza tena na tena kama ganzi imeisha, na mimi natikisa kichwa. Hapo naomba mkaze meno msicheke. Ganzi iliisha kwenye tonge la kwanza.