Tanuri la Chokaa na Kosa la Kuitia Bahari Uchachu

Mchoma Chokaa,
Tanuri la Tatu,
Njia ya Ufukweni.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Mazingira.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFUNGIWA TANURI KWA MADAI KWAMBA NIMEICHACHUSHA BAHARI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na kiyoyozi kinafanya kazi, maana ninayotaka kukueleza yanaweza kumpandisha mtu joto.

Mimi ni mchoma chokaa. Naokota makombe ya bahari (kwa usahihi zaidi mke wangu ndiye anayeokota), nayapanga tanurini tabaka kwa tabaka na kuni, nayachoma siku tatu, inatoka chokaa. Kuta zote nyeupe za mji huu, ukiwemo ukuta wa ofisi yako, zimepita mikononi mwangu. Wiki sita zilizopita ofisa wako, yule tunayemwita Bwana Kipimo kwa sababu ya kifaa anachotembea nacho shingoni, alipima moshi wangu, akatikisa kichwa, akaufunga mlango wa tanuri kwa utepe na muhuri. Alinieleza kwamba hewa ya ukaa inayotoka kwenye bomba langu inaingia baharini, maji yanakuwa machachu, na wanyama wenye makombe wanashindwa kujijengea makombe yao. Naomba nifunguliwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Nimeichunguza bahari. Sikutaka kubishana na serikali bila utafiti, kwa hiyo siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, nilimwonjesha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hana kazi na ana ulimi mzuri, maji ya bahari na maji ya ndimu. Mara zote kumi na nne alisema ya bahari ni ya chumvi. Siku ya nane alikataa kuendelea, akadai kitambulisho cha kazi. Kama kuna kilichochacha katika jambo hili, ni uso wa mke wangu alipogundua nani aliyemharisha kaka yake.

2. Hata tukikubali kwamba bahari imechacha, dawa ninayo. Mtaalamu wenu alisema mwenyewe kwenye semina, nami nikiwa mstari wa mwisho, kwamba chokaa hupunguza uchachu. Sasa basi, moshi wangu unaichachusha bahari na chokaa yangu inaipoza. Ugonjwa ni mimi na dawa ni mimi. Nani mwenye akili timamu hufunga duka la dawa kwa sababu mwenye duka ana mafua? Naomba niteuliwe kuwa Tabibu wa Tumbo la Bahari, cheo ambacho naamini kiko wazi, na nipewe koti jeupe. Langu nililo nalo lilikuwa jeusi kabla sijaanza kazi hii.

3. Kuhusu shitaka kwamba "nimechemsha bahari". Sikuchemsha bahari. Nilichemsha kidimbwi kimoja katikati ya miamba, tena kwa nia njema. Nilikuwa kwenye majaribio ya tiba, na ili mgonjwa apone haraka nikamwaga magunia mawili ya chokaa ya akiba ambayo sikuwa nimeizima kwa maji. Kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka kama chungu kilicho jikoni. Hata mimi najua, kwa miaka ishirini na miwili sasa, ila siku ile nilikuwa nafikiria koti. Kaa kumi na mmoja walitoka wameiva. Mimi sikuwala, walikuwa ushahidi. Ushahidi uliliwa na shemeji. Bwana Kipimo ameandika kwamba nimeongeza joto la bahari. Naomba neno "bahari" lifutwe, liandikwe "kidimbwi".

4. Mwanyumba wangu, yaani yule bwana aliyemwoa dada wa mke wangu, ana kiwanda cha soda. Hewa ile ile ambayo mimi nafungiwa kwa kuiachia angani, yeye anaikamata, anaishindilia kwenye chupa, anawauzia watoto. Watoto wanacheua. Inakwenda wapi hiyo, Ndugu Mkurugenzi? Nimeuliza kwenye vikao vitatu vya familia, na bado nauliza. Isitoshe, ni yeye aliyesimama mbele ya baba mkwe na chupa mkononi akaeleza jinsi hewa inavyoyafanya maji yawe machachu. Wazee wakaelewa, wakampigia makofi, mimi nikaonekana mhalifu wakati mwenye kithibitisho mkononi ni yeye, tena cha baridi! Hajafungiwa. Anapewa kiti cha mbele. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

5. Siku hiyo ya semina ya kupunguza moshi nilihesabu magari kumi na tisa nje ya ukumbi. Kila moja lilileta mtu mmoja, na madereva walibaki ndani injini zikinguruma ili viti visipate joto. Mimi nilikwenda kwa miguu. Mtoa mada alizungumza kwa muda wa saa nne, na kwa kuwa binadamu naye akipumua hutoa hewa hiyo hiyo, napendekeza kila ofisa awekewe kikomo cha sentensi. Atakayemaliza mgawo wake mapema aitikie kwa kichwa mpaka mwezi uishe. Methali ya nyani naijua, lakini kwa heshima ya ofisi sitaimalizia.

6. Hili ndilo linaloniuma. Baba mkwe alinipa binti yake kwa sababu ya tanuri. Alisema hadharani kwamba mtu mwenye moto wake hawezi kulala njaa. Tangu mlipofunga ananiita "mstaafu", na mgeni akija ananitambulisha kwa kazi niliyokuwa nayo, kama marehemu. Mke wangu ananitetea. Juzi nilimsikia akinitetea, nikaona aibu kuliko ningetukanwa. Nina miaka arobaini na tisa na sijui kazi nyingine. Nifungulie, ndugu yangu. Ikishindikana, basi na bahari ifungwe, maana yeye ndiye mpokeaji, na sheria haimwachi mpokeaji wa mali haramu.

Nisalimie Bwana Kipimo, mama wa masijala anayezipokea barua zangu bila kucheka, madereva wote kumi na tisa, na familia yako nzima mpaka yule asiyependa salamu. Shemeji anakusalimu, tumbo limetulia.

Ni mimi, ninayepumua kwa kiasi,

Mchoma Chokaa.

Tanbihi: Tafadhali usinifungulie. Nakala ya barua hii inakwenda kwa baba mkwe, ndiyo maana nimeiandika kwa ukali, lakini karatasi hii ya mwisho ni yako peke yako. Makombe yamekwisha. Zamani mke wangu alijaza gunia kwa asubuhi mbili. Kombe zima ukiligonga kwa kucha hulia; yanayoletwa na maji siku hizi hayalii, na mengine yanavunjika mkononi kabla hajayafikisha kapuni. Gunia la mwisho lilimchukua miezi mitatu. Moshi aliopima ofisa wako ulikuwa wa kuni tupu, ndani ya tanuri hamkuwa na kombe hata moja. Kwa miezi minne tulikuwa tukiwasha hivyo hivyo, mimi na mke wangu, kwa sababu baraza ya mzee inatazama bomba letu, naye akiona moshi anajua binti yake anakula. Siku mlipofunga, mke wangu aliingia ndani akalia kama aliyetuliwa mzigo. Sasa nikiulizwa nasema nimefungiwa na serikali, na hilo ni jibu ambalo mtu anaweza kulitoa akiwa ameinua uso. Kwa hiyo naomba mniongezee utepe mmoja, mwekundu na mpana, upande unaoelekea kwa mzee, kwa maana huu wa kwanza upepo umeanza kuulegeza.