Jinsi Karani Maliro Alivyozipigia Magoti Mbao za Sakafu

Sogeeni, enyi wa Vulamba na wa Alimbongo, nanyi mnaoshuka na maharagwe kutoka Kalunguta, tueni mizigo kwanza. Zimeni na redio, kwani redio husimulia mawaziri walioanguka na miji iliyotekwa, wala haikutangaza hata siku moja vita vikuu kuliko vyote vya miaka ile: vita alivyopigana Hippolyte Maliro, karani wa pili katika bureau, ofisi ya serikali ya Butembo, Ngurumo ya Mihuri, Mvaa Soksi Hadi Magotini, dhidi ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe.

Uhuru ulipokuja Mzungu mmoja aliondoka, na Hippolyte akaingia katika nyumba yake yenye sakafu ya mbao. Akawa anatembea humo na viatu, chumba hadi chumba, bila kazi yoyote, akiusikiliza mlio wa visigino vyake kama mtu anayepigiwa makofi. Kisha wakaja waasi. Hapo shujaa wetu alionyesha ushujaa wote uliokuwa miguuni mwake: alikuwa amekwisha kufika migombani kabla risasi ya kwanza haijaamua iende wapi. Waasi nao wakaonja baridi ya Butembo, wakaing'oa sakafu yote, wakaichomea mbuzi. Aliporudi alikuta udongo mtupu, na udongoni jeshi lisilojua uhuru wala amani: funza, wale wadudu wanaojenga katika vidole vya watu.

Na mkewe Julienne alikuwa kwao Kalunguta, alikojifungulia mtoto wao wa kwanza wakati wa fujo. Malango ya huko yalilindwa na mama yake, Antoinette, Ngome Isiyobomoka, naye alitoa amri:

“Mukwe, sikia. Huyu mutoto iko anatambaa sasa. Haingie mu nyumba ya mafunza. Hapana! Siku utaweka mbao, nitakuja mi mwenyewe, nitavua viatu, nitaikanyaga. Ikiniuma, ninarudi naye.”

Hippolyte akatunisha kifua. “Mama mukwe! Unasema na mutu wa État, wa serikali! Ninaapa mbele ya bendera, nitatandika mbao zenye hata gouverneur hajakanyaga!”

“Gouverneur hana mafunza,” Antoinette akamjibu.

Basi jemadari akaenda kuchagua, na akachagua kama wachaguavyo wakubwa wote: kwa macho, tena akiwa mbali. Aliiona mikalitusi imesimama wima kama askari kwenye gwaride, akanena kwamba mti unaosimama hivyo hauwezi kulala vibaya. Akaipasulisha mbichi, akaipigilia misumari ingali inatoka maji, akaalika makarani wenzake waje kuitazama. Lo! Jua la kiangazi lilipoingia dirishani, mbao zilijinyonga, zikainua vichwa, zikatema misumari mmoja mmoja kama mtu anayetema mbegu za pera. Antoinette akaja na mtoto mgongoni, akavua viatu mlangoni, akakanyaga mara moja tu. Kibanzi kikamwingia kisiginoni. Alikitoa, akamwekea mkwewe mkononi, akamfunga mtoto mgongoni upya. Hippolyte akabaki mlangoni akitazama kichwa kidogo kikitikisika kwenda zake barabarani. Na kichwa kile hakikugeuka, maana hakikumjua.

Hapo ndipo alipopigwa kwelikweli.

Akapanda lori mpaka Beni, kwa Mama Agar, mwuza mbao wa sokoni, aliyezificha mbao zake chini ya magunia ya kahawa muda wote wa uasi, zikakauka humo kwa raha zao. Agar alizisifu zote sawasawa. Hii ni ya maaskofu, ile ni ya makoloneli, ile nyingine haijui kuoza. Hippolyte akamwangalia, akaziangalia mbao, na macho yake, yale yale yaliyochagua kalitusi, akayaonea aibu. Ndipo Mvaa Soksi akavua soksi. Akainama mbele ya soko zima la Beni, akaanza kutambaa juu ya mbao.

“Papa karani!” Agar akapiga kelele. “Mbao haiko Bikira Maria! Unaipigia magoti ya nini?”

Askari mmoja aliyeegemea ukuta akacheka hadi kofia ikamwanguka. “Tala! Kalaka akomi mwana!” Tazameni, karani amegeuka mtoto!

“Mucheke!” akanguruma Hippolyte kutoka chini, mkia wa koti lake ukiburura vumbi. “Mucheke mupaka jioni! Mutoto wangu hana soksi! Donc, basi, ninachagua na magoti yake!”

Akausogelea mvule, wenye sifa kutoka Ituri hadi baharini, nao ukamchuna ngozi. Akaupandia mti mweupe laini, nao ukabonyea chini ya kucha yake kama sabuni iliyolowa. Akatambaa, akavuja damu, akatambaa tena, mpaka akafika kwenye mbao nyekundu za mti wa msituni uitwao libuyu, zilizopigwa randa zikang'aa. Na hapo goti likateleza bila kuumwa. Akarudi nyuma, akapita tena. Akalaza na shavu.

“Hizi,” alisema, kwa sauti ambayo bureau haijapata kuisikia.

Zilipokwisha kutandikwa, Antoinette akaja mara ya pili, pamoja na Julienne, na mtoto mgongoni. Akavua viatu, akaikanyaga sakafu pembe hadi pembe, mpaka nyuma ya mlango, akiburuza nyayo makusudi kama mtu anayetafuta ugomvi. Hakuupata. Akafungua kitenge, akamweka mtoto chini. Hippolyte alikuwa ametanua mikono kama sanamu ya mtakatifu. Mtoto akampita, akaenda kuupiga ukuta kofi, akarudi akicheka, akamkamata kidole.

“Bon, muzuri,” alisema Ngome Isiyobomoka. “Julienne, bakia.” Akakunja kitenge, akarudi Kalunguta mgongo mtupu.

Basi na ijulikane kwa vizazi: katika miaka ile ambapo wakubwa waliteka majimbo wakayapoteza kabla ya chakula cha mchana, kipande kimoja cha Kongo kilitekwa kikashikiliwa bila bunduki, tangu mlangoni hadi ukutani. Mshindi hakupewa medali. Alipewa mtoto mwenye kamasi, aliyeikojolea sakafu ile siku ile ile. Na Ngurumo ya Mihuri akapiga magoti, akapangusa kwa leso yake ya bureau, huku akiimba.