Mianzi ya Mzee Nyenza

Jumatatu, 1 Machi 1954

Baridi. Mvua tangu asubuhi. Dereva wa lori la mbao la Mafinga kaniletea ujumbe: Mchungaji Yotamu, aliyenituma huku, anakuja Jumapili kuona matunda ya kazi yangu. Matunda gani? Mwaka mzima tangu nitoke kwetu Rungwe kuja kuwahubiria Wahehe hapa karibu na Kalenga, na anayekuja kanisani ni Esta peke yake. Naye hufuata mahali pasipo na upepo pa kunyonyeshea mtoto. Hata migomba niliyokuja nayo imekufa kwa baridi. Nikirudishwa mikono mitupu, mama ataficha uso sokoni.

Nahitaji mtu mmoja tu. Nimemchagua jirani yangu, Mzee Nyenza. Hajabatizwa, hana mke wala mtoto, na ananipenda. Nilipofika nikitetemeka alinipa blanketi lake, na mpaka leo sijalirudisha. Kinachomzuia ni ulanzi. Mianzi yake ndiyo inayotoa pombe tamu kuliko yote kijijini.

Jumanne, 2 Machi

Mzee kalala, kifua kinambana. Kaniita, kanipa kisu chake cha kugemea. Kasema mwanzi ni kama ng'ombe wa maziwa: usipoukata ncha asubuhi na jioni, unakauka, na msimu umekwisha. Kaniomba nimgemee, nijaze mtungi. Wachimba kaburi, kasema, hunyweshwa ulanzi wa nyumba ya marehemu. Wenye watoto hugemewa na watoto.

"Mimi nina wewe, mwanangu. Watakaonichimbia wasiende na kiu."

Maneno ya mlevi. Kifua hakijawahi kumuua mtu kama Mzee. Lakini Mungu kanifungulia mlango! Mianzi ikikauka, ulanzi hakuna. Ulanzi usipokuwapo, Jumapili ataamka mzima, kichwa chepesi, na atanifuata kanisani mbele ya Mchungaji. Nimepokea kisu kwa mikono miwili.

Jumatano, 3 Machi

Nimekwenda kwenye mianzi, nikakaa chini, nikaimba tenzi. Sikukata hata mmoja. Kapita Marcelino, katekista wa Wakatoliki, na majivu yake kwenye paji la uso. Kauliza mbona vikombe vya kukingia ni vitupu. Nikamwambia naanza na sala. Kaniambia kama sijui kugema atanifundisha, au amgemee Mzee yeye mwenyewe. Nikamkatalia. Kanisa lake linajaa mpaka nje, bado anamtolea macho mzee wangu mmoja.

Ijumaa, 5 Machi

Mianzi imekauka. Mpango umetimia.

Kasoro ndogo: Mzee kaomba aonje. Nilikuwa nimemwambia mtungi unajaa vizuri. Nikachanganya maji, sukari na ndimu, nikampelekea kwenye kikombe cha mwanzi. Kaonja. Kanitazama kwa muda. Kisha kanywa yote, kasema asante, na kuniuliza kama lile blanketi linanitosha usiku. Nikasema linatosha. Kageukia ukutani.

Ametulia sana. Dalili ya toba.

Jumapili, 7 Machi

Mzee Nyenza amefariki.

Nilikwenda alfajiri kumwamsha, nimembebea shati langu jeupe la kuvaa kanisani. Nikamkuta ameshapoa. Nimelia mpaka Esta akaja kunishika bega. Hapa ugenini yeye ndiye aliyekuwa baba yangu, na nilikuwa sijamwambia.

Mchungaji kafika, kakuta kanisa tupu. Watu wote wako msibani. Udongo ulikuwa wa mawe, wakachimba mpaka jua la utosini. Sedekia, mkubwa wa wachimbaji, kafunua mtungi wa Mzee. Hamna kitu. Kauliza nani alikuwa anamgemea. Nami nikatazama viatu vyangu. Nikawaletea maji yangu ya ndimu, wakanawia mikono.

Ndipo akaja Marcelino na mtungi kichwani kama mwanamke. Kasema huu ni ulanzi wa Mzee, aliuacha kwake. Wakanywa, wakamshukuru marehemu kwa jina lake, wakamzika vizuri.

Uongo mtupu. Ulanzi ule ni wa Marcelino mwenyewe. Katekista anadanganya, tena ndani ya Kwaresima! Na hakunitazama hata mara moja.

Jumatatu, 8 Machi

Mchungaji kaondoka. Kasema ameona nilivyolia, na kupenda watu namna ile nako ni tunda. Kaniongezea mwaka. Nilipaswa kufurahi. Nimejifunika blanketi mchana kweupe, bado linanukia moshi wa jiko la Mzee, nikalia upya.

Nimejiuliza nilikosea wapi. Jibu nimelipata: nilichelewa. Mianzi ingekauka tangu Januari, Mzee angekufa Mkristo.

Jioni kaniita Bibi Tekla, mjane wa ng'ambo ya mto, muumini wa Marcelino. Kateguka mguu. Tumbaku yake inamezwa na magugu, na hiyo ndiyo inayomlisha. Kaniomba nimpalilie mpaka apone, kwa kuwa hana mtu. Mimi nimeona jambo moja: bibi huyu ananusa ugoro hata wakati wa sala. Tumbaku ikifa, ugoro umekwisha. Ugoro ukiisha, huyo ni wangu.

Kaniuliza kama kweli nitaweza. Nimepokea jembe kwa mikono miwili.