Anwani Inayobadili Jina Bila Jando

Masasi Mjini

Ndugu Meneja wa Mtandao,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini mtu anayeweza kuwahamisha wazee wakiwa usingizini namwamkia kwa tahadhari.

Mimi ni Baba Rukaiya, mwenye duka la madaftari na fotokopi. Mama yangu, Bi Somoe, anaishi peke yake Chiungutwa na amekataa katakata kuhamia mjini. Nikamfungia kamera uani, na fundi Edmund akanitengenezea VPN, yaani njia ya siri ndani ya mtandao, kutoka kompyuta ya dukani hadi rauta yenu iliyopo sebuleni kwake. Nia yangu ni kumwona asubuhi akifagia, nijue kaamka salama. Nisipomwona, nakosa raha na chai hainipiti kooni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anwani ya IP mliyompa, yaani namba ya nyumba yake mtandaoni, haitulii. Rauta ikizimika na kuwaka, inapewa nyingine, na njia yangu inabaki kupiga hodi kwa watu wasionijua. Edmund anasema hiyo ni desturi yenu.

2. Desturi tunazo na sisi. Mtoto wa kiume akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la zamani halitajwi tena. Lakini hapo ngoma imelia, wali umeliwa na kijiji kizima kimeambiwa. Anwani yenu imebadili majina kuliko ukoo wetu wote, na hata togwa hatujaonja. Naomba kila ikibadilika mlete ngoma Chiungutwa mtangaze. Mchele nitachangia.

3. Edmund alipendekeza jina la kudumu, litakaloifuata anwani popote ihamiapo. Nimekataa. Anayehama ndiye anayeaga; mimi si mpelelezi.

4. Mama hataki kabisa kunisomea namba hiyo mpya kwa simu. Hivyo nafunga duka, napanda bodaboda, naenda kuitazama anwani mpya mwenyewe. Naye haniruhusu kuigusa rauta kabla sijamaliza mihogo na mchuzi wa kunde. Suruali zimenibana. Naomba kampuni inishonee mbili, za kitambaa kizito.

Nisalimie wahudumu wako, hasa yule dada wa kwenye simu anayeniambia kila siku kwamba mimi ni mteja muhimu. Mke wangu Zuhra anawasalimu pia, ingawa yeye hana malalamiko yoyote.

Wako asiyehamahama,
Ashiru Bwanali (Baba Rukaiya)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, leo nimekwenda Chiungutwa bila kungoja njia ikatike, nikamkuta mama ameinama anachomoa waya wa rauta. Nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. “Baba Rukaiya,” alisema, “ikiwaka unanitazama tu. Nikiizima unakuja.”

Nilikaa nikala, na machozi yalinilenga. Ndugu Meneja, tafadhali anwani hiyo iacheni ihame kadiri mama atakavyo.