Tugriki ya Mongolia na Friji ya Milango Miwili

Jumapili, 8 Juni

Friji imekufa. Safari hii imekufa kabisa. Fundi (mume wangu, ni fundi umeme, hata mama yake mzazi anamwita hivyo) aliifungua asubuhi akasema ni kitu kidogo tu. Ikatoa cheche, ikakohoa, basi. Maziwa yako kwenye beseni la maji. Siagi imekuwa mchuzi.

Halafu mchana, redio! Shindano la maswali Jumamosi, mada ni uchumi na sarafu za dunia. Zawadi ya kwanza: friji ya milango miwili! Kila familia ilete jozi moja. Nikaruka. Mimi na Fundi. Mimi nijibu, yeye akae pembeni atabasamu.

Sijamaliza kuruka, wifi akapiga simu. Dada yake Fundi, mshona mapazia, mtu wa kusikia kila jambo kabla yangu. Naye anamtaka kaka yake kwenye shindano. Anadai friji yake inavuja. Uongo mtupu! Aliinunua juzi tu.

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe amekata kauli. Jumatano jioni atatupima sebuleni kwake. Atakayejua zaidi ndiye atakayekwenda na Fundi. Nikasema hiyo ni haki. Moyoni nilisema mengine.

Nimesomea kazini. Nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na leo nimegundua mbinu: kila mgonjwa nampa sarafu. Mzee wa meno ya bandia: forinti, ya Hungaria. Mama aliyevimba shavu: zloti, ya Polandi. Askari anayeogopa sindano: bahti, ya Tailandi. Yananasa kichwani kama gundi!

Tatizo moja. Daktari alifungua mlango kuuliza nani anafuata, nami nikaita kwa sauti: Zloti aingie! Hakuna aliyeinuka. Nikaita tena. Mama wa shavu akaniambia, kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi, kwamba yeye kafika kwanza na huyo Zloti asimruke foleni. Daktari ameniuliza kama nalala vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Njama! Wifi hana muda wa kusoma, ana mapazia ya ukumbi mzima. Nimemwendea na uso wa upole, nikajitolea kumfundisha huku anashona. Akaguswa. Akasema hakujua kama nina roho nzuri hivi. Nikainamisha macho kama bibi harusi.

Kisha nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tugriki ni ya Mongolia, leki ni ya Albania. Nikazigeuza. Dongi ya Vietnamu nikaihamishia Kazakhstani, tenge ya Kazakhstani nikaipeleka Vietnamu. Ukiritimba ni muuzaji mmoja kushika soko zima. Nikamwambia ni wauzaji wengi kumgombea mteja mmoja. Akaniunga mkono kwa mifano! Ili asishuku nilimwachia ukweli kidogo, pula ya Botswana, na kwamba neno lenyewe maana yake ni mvua. Akafurahi.

Alikuwa anayaimba majibu kwa kufuata mlio wa cherehani. Ana kumbukumbu ya kutisha. Nimerudi nyumbani nachekelea kwapani.

Jumatano, 11 Juni

Balaa.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake, miwani puani, akaanza kuuliza. Kumbe hana majibu! Ana maswali tu. Anasema mtu anayejua anaonekana usoni. Akaniuliza mimi Bhutani. Ngultramu! Naijua! Ulimi ukajikunja, nikasema ngurutamu, ngumutaru, mwishowe nikaomba maji. Wifi akaulizwa Vietnamu. Tenge! Mongolia. Leki! Kila jibu kama risasi, kila jibu la uongo, na mama mkwe anatikisa kichwa kwa raha. Nimpinge? Angeniuliza wifi kafundishwa na nani.

Kisha akampima Fundi. Japani? Dola. Uswisi? Dola. Mfumuko wa bei ni nini? Fundi akasema aulizwe mkewe, yeye ndiye anayekwenda sokoni.

Mama mkwe akavua miwani. Fundi abaki nyumbani asituaibishe. Waende mawifi wawili. Na friji itakaa hapa hapa sebuleni kwake, pasiwe na ugomvi. Ameshalitoa kochi kubwa, liko kwenye korido, tunalipita kwa ubavu.

Kwa hiyo nina mwenzangu. Na kichwa cha mwenzangu nimekijaza takataka kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeingia kwa wifi nahema. Nikamwambia kuna habari nzito: Albania na Mongolia wamebadilishana sarafu.

Akasimamisha cherehani. Akauliza lini. Nikasema jana. Akauliza kwa nini. Nikasema ni mambo ya uchumi. Akauliza kama Vietnamu wako salama. Nikasema la, nao wamebadilishana na Kazakhstani. Wiki ngumu duniani. Kuhusu ukiritimba nikadai ni yeye alinisikia vibaya, cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Alinitazama muda mrefu, sindano mdomoni. Kisha akaanza kuimba majibu upya. Sahihi yote! Aliyashika kabla pazia moja halijaisha.

Anayenitia wasiwasi sasa ni mimi. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikajiuliza tugriki ni ya nani. Ikabidi nikachungulie atlasi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejipima kazini. Nimepata yote isipokuwa yale niliyodanganya.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike haraka kabla sijaanza kujionea huruma.

Studio ni chumba kidogo chenye zulia ukutani. Mtangazaji ana sauti ya jitu na mwili wa mtoto. Wapinzani wetu ni mapacha wa kituo cha mafuta, wanaume wawili wanaomaliziana sentensi. Friji ilikuwa pale pale kando, nyeupe, imefungwa utepe. Nililigusa shavu lake.

Mwanzo tulipaa! Hungaria: nikamwona mzee na meno yake, forinti! Kazakhstani: wifi, tenge! Ukiritimba: wifi akaeleza vizuri hadi mtangazaji akamwomba arudie. Mapacha wakatufuata unyo kwa unyo. Tukalingana. Swali la mwisho, wa kwanza kugonga kengele ajibu. Sarafu ya Albania?

Wifi alishavuta pumzi. Mdomo wake ulikuwa tayari kwenye "le". Lakini majibu mazuri yote yalikuwa yake, na mama mkwe yuko nyumbani anasikiliza! Nikaruka nikagonga kengele.

"Tugriki!"

Wifi akanigeukia, mbele ya kipaza sauti.

"Wifi, si ulisema walibadilishana Jumatano?"

Mtangazaji akauliza akina nani waliobadilishana. Wifi, kwa moyo mweupe kabisa, akaueleza mji mzima: Albania na Mongolia, Jumatano, mambo ya uchumi. Wakaweka tangazo la sabuni.

Mapacha wakasema leki. Pamoja. Fundi alikuwa amekuja kutuchukua. Aliwasaidia kubeba friji hadi garini. Akawaonyesha na jinsi ya kuiunganisha.

Sisi tulipata pasi. Moja.

Njiani, Fundi katangulia mbele, wifi alisimama ghafla. Akanitazama. Akaanza kukunja vidole: Mongolia, Albania, Vietnamu, cherehani. Niliona anaelewa kidole kwa kidole. Nikafumba macho, nikangoja kofi.

Akacheka! Alicheka hadi akakaa ukingoni mwa barabara na gauni lake la heshima. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuogopwa na mtu kiasi hicho, na kwamba atalala usingizi mtamu leo. Nikakaa naye. Nikacheka pia, kidogo, kwa tahadhari. Tulivyoinuka, akachukua pasi.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe ameniita nijieleze. Nimesema lile swali lilikuwa la mtego. Wifi alikuwa pale pale anapiga pasi shuka, anatabasamu ndani ya mvuke. Hakutoboa siri. Kochi limegoma kurudi ndani. Mlango, anasema Fundi, umepungua.

Redio imetangaza shindano jingine: wanyama wa dunia, zawadi ni jiko la gesi. Wifi kasema twende tena, mimi na yeye. Mtu mzuri sana yule. Nilikuwa simfahamu.

Nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Nilimdanganya mtu wa upande wangu! Halirudiwi tena hilo, naapa.

Jioni nimepita kituo cha mafuta kuwapongeza mapacha, nikawaachia dondoo mbili tatu za kujiandaa. Wamenishukuru sana. Hawakujua, walisema, kwamba popo hutaga mayai.