Kanada Saba

Yule aliyejiita Balozi hakuwa na ubalozi wala nyumba. Alikuwa na ulimi, na suruali moja iliyotoboka makalioni. Ulimi ule ungemfikisha kwa matajiri, lakini nani atamsikiliza mtu anayeaga kwa kurudi kinyumenyume?

Asubuhi moja akaiona suti ya kijivu imetundikwa kwenye kibanda cha bibi fundi cherehani, na chini yake kichanga kimelala kikapuni.

Akaketi, akamsifu mtoto, akauliza jina. Bibi akasema mjukuu wake ana siku nane, bado hajapewa. Balozi akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. Siku hizi, alieleza, wenye akili wanawapa watoto majina ya nchi, na nchi humsomesha mtoto wake mpaka chuo kikuu, mradi aandikwe kwenye daftari la Balozi. Ila kila nchi huchukua mmoja tu kwa mji mzima, na mama asilitaje jina mpaka barua ifike. Akalamba kidole, akafunua daftari. Ufaransa imekwenda. Japani imekwenda jana, kwa pasi ya umeme.

"Imebaki Kanada," alisema. "Na huyu, bibi yangu, uso wake ni wa Kanada kabisa."

Bibi akatunga uzi kwenye sindano. "Baridi ya huko haitamdhuru?"

"Watamletea koti."

Ada yake ilikuwa suti ile tu. Bibi akafikiri sana, kisha akamwambia aje Ijumaa. "Uivalie kliniki, mwanangu, siku ya kupima watoto. Wenzangu wakikuona, na wao watataka."

Ijumaa Balozi akavaa nyuma ya pazia, suruali kuukuu akaitupa kwenye kapu la vitambaa, akaenda kliniki na mkoba wake wenye pasi, saa ya ukutani na kila alichovuna kwa akina mama. Hakuwahi kulea, maskini. Hakujua kwamba pale mizani ilipo, mtoto huitwa kwa jina lililoandikwa kwenye kadi yake.

Nesi akashika kadi ya juu. "Kanada."

Wakasimama wanawake saba. Wakatazamana, kisha wote wakaitazama suti.

"Nchi yenyewe ni kubwa," Balozi alianza kueleza.

Bibi, mmoja wa wale saba, akasogea taratibu, akashika uzi mweupe uliochungulia begani mwa Balozi. Alijua tangu mwanzo, maana vifulana sita vyenye jina la Kanada alikuwa amevitarizi yeye mwenyewe, kila mama akimnong'oneza jina kwa siri. Na suti ile hakuishona. Aliipiga bandi tu, ule uzi wa kushikiza unaofumuka kwa mkono. Akavuta.

Mkono wa koti ukabaki kwake. Balozi akatimua mbio. Mkoba aliuacha benchini, mgongo wa koti mlangoni, mguu wa suruali getini.

Akina mama wakachukua vyao. Bibi akaokota vipande, akavipangusa vumbi, kwani mwenye suti angeijia Jumatatu. Kisha akarudi kibandani, akaitoa suruali kuukuu kapuni, akakata sehemu isiyotoboka, na kabla ya jioni Kanada wake alikuwa na koti.

Balozi alikuwa ameahidi.